Moyo wa mzazi na mtoto mchanga: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya sikuyatunga. Ni yale ninayoulizwa mlangoni pa kliniki, mimi muuguzi, kuhusu afya ya akili ya mzazi na mtoto wake mchanga. Mama ameshampima mtoto, kadi ameshapewa, mtoto yuko mgongoni, mkono umeshika kitasa, ndipo anageuka: "Nesi, kuna kitu nilitaka kukuuliza." Nilipoanza kazi nilikuwa najibu harakaharaka kwa sababu ya foleni. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lile la mlangoni ndilo lililomtoa nyumbani, na uzito ulikuwa kisingizio.

Mtoto wa miezi mitatu ana akili gani mpaka tuzungumzie afya ya akili?

Aliyeuliza hivi alikuwa baba mmoja wa Mikindani, na aliuliza huku anacheka. Nikamwomba ampakate mwanawe, aongee naye kidogo, kisha anyamaze na kukaza uso kama anayedaiwa. Hata dakika haikuisha. Mtoto alimtazama, akatabasamu kumvuta, akarusha mikono, akageuza shingo, akaangua kilio. Baba naye kicheko kikamwishia. Jaribio hilo si langu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alilifanya miaka ya 1970 kwa akina mama na watoto wachanga, na mpaka leo ndilo jibu fupi kuliko yote kwa swali hili.

Mtoto mchanga hana maneno ila hesabu anayo: nikilia, kuna mtu anakuja? Nikicheka, najibiwa? Akijibiwa mara nyingi (si kila mara, mzazi wa kila mara hajazaliwa) anatulia. Asipojibiwa siku baada ya siku anaishi roho juu: usingizi wa kushtukashtuka, kunyonya kwa kuvizia, na mwishowe mizani nayo inaanza kulalamika.

Kwa hiyo mgonjwa wetu si mtoto peke yake wala si mama peke yake. Ni kile kilicho kati yao. Selma Fraiberg, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyeijenga kazi hii ya kutunza moyo wa mtoto mchanga pamoja na mzazi wake kuwa fani huko Michigan, Marekani, miaka hiyohiyo ya 1970, alikuwa akiwafuata wazazi majumbani na kuongea nao jikoni, mtoto akiwa palepale. Ukimwita mama peke yake ofisini unapata nusu ya habari.

Wataalamu wa kazi hii ni akina nani? Mbona sijawahi kuona kibao chao?

Usitegemee kibao. Huku kusini kazi hii imegawanywa kwa watu unaowajua kwa majina mengine, na wengi wao wako karibu na kwako kuliko unavyodhani.

Anza na muuguzi au mkunga wa kliniki ya baba, mama na mtoto. Anakuona ukiwa mjamzito, anakuona baada ya kujifungua mpaka siku ya 42, kisha anamwona mtoto mwezi hadi mwezi mpaka miaka 5. Hakuna mtumishi mwingine wa serikali anayekutazama usoni mara nyingi hivyo. Kama hakuoni, mwambie.

Yupo pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wengi zaidi. Mhudumu huyu anaona ambayo mimi sioni: nani anampakata mtoto, chakula kimepikwa au la, baba anaongea kwa sauti gani akiingia. Akiwa mzuri, anashinda vipimo vyangu vyote.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali ndiye wa kufuata mambo yanapohusu ugomvi wa ndani, matunzo, kipigo, mtoto aliyetelekezwa, bibi anayelea wajukuu bila msaada. Kipigo kikiwepo kuna pia dawati la jinsia na watoto polisi, na simu ya bure 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto.

Halafu wapo wale ambao watu wanawaogopa: muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia tiba, daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Hao hupatikana kwa rufaa. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, unakwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Juu yake iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Wa Masasi wengi huanzia Ndanda, na wa Mtama huanzia Nyangao, hospitali za misheni za siku nyingi. Mirembe ya Dodoma, ambayo kila mtu anaitaja kwa kunong'ona, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Mama anayelia kwa uchovu hapelekwi huko, kwa hiyo hofu hiyo iweke chini.

Mtoto akiwa na tatizo la viungo au kuchelewa, wanaingia mtaalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo. Na msimsahau mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana. Mtoto akishinda kwake kwa muda wa saa nane, mlezi huyo tayari ni mtaalamu wake, apende asipende.

Wote hawa waliwekewa mwongozo mmoja, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoandikwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Jina refu kama reli ya karanga ya Nachingwea, lakini maana yake ni mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mtoto akiita, ajibiwe), kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Manne yana mizani, sindano, madawati au sheria. La mwitikio ndilo tunalolisahau.

Nikifika zahanati niseme nini? Naona aibu.

Sema ukikaa, usingoje kuondoka. Si lazima ujue jina la ugonjwa. Sentensi moja inatosha: "Tangu nijifungue moyo wangu hauko sawa," au "Mtoto akilala, mimi silali." Hiyo ya pili ikisemwa, muuguzi anayeijua kazi yake ataweka kalamu chini. Kila mama mwenye kichanga hukosa usingizi kwa sababu ya mtoto. Kuukosa wakati mtoto amelala ni habari nyingine.

Siku ya chanjo watu ni wengi. Uliza siku ipi ina nafasi, mrudi mtulie.

Nimejifungua wiki iliyopita, nalia bila sababu. Ndiyo sonona?

Wiki iliyopita? Yaelekea siyo. Kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kujifungua, mama wengi sana hupata machozi ya karibu, hasira za ghafla, na wasiwasi juu ya mtoto. Mwili unabadilika, usingizi hakuna, maziwa yanajaa. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili ukipata kupumzika, kula, na mtu wa kukushikia mtoto.

Ikivuka wiki mbili, au ikaja baadaye ikakaa, hapo tunafikiria sonona. Huzuni nzito, kutofurahia chochote, kujiona mama asiyefaa, kumtazama mtoto ukamwona kama wa jirani. Wengine hawalii kabisa, wanakauka tu. Wengine malalamiko yao ni mwili: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, "chango." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye benchi langu la akina mama ishirini, hao ni wanne.

Nimeona kitu kimoja huku kwetu. Siku arobaini za uzazi mama anazungukwa: anakandwa, anapikiwa uji, mtoto anaogeshwa na bibi. Siku ya arobaini na moja nyumba inakuwa tupu. Ndoo inamsubiri, na wanaoishi juu Makondeni wanajua ndoo ya maji ni safari ya aina gani. Sonona niliyokutana nayo mara nyingi ilianza hapo, watu walipoondoka. Kliniki ya siku ya 42 inaangukia siku mbili baada ya arobaini, na mimi sitaki itumike kupima tumbo tu.

Kuna hali ya tatu ambayo haisubiri miadi. Ndani ya siku au wiki chache za mwanzo mama anaanza kusikia sauti, kusema mtoto si wake au ana nguvu za ajabu, halali kabisa na hachoki, maneno hayashikani. Watu wanaiita kichaa cha uzazi. Inampata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na ni dharura kama kutoka damu. Asiachwe peke yake na mtoto. Bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote, hospitali siku hiyohiyo. Inatibika, na wanaopona hurudi kuwa mama walewale wa zamani.

Watu wanasema mtoto wangu kabemendwa. Je, kliniki mnalitibu hilo?

Swali hili nimeulizwa kuliko mengine yote, na kila mara kwa sauti ya chini.

Asiyetoka huku aelewe kwanza. Mtoto akidhoofu, akachelewa kukaa au kutembea, nywele zikafifia, watu husema wazazi wamekutana kimwili kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje, na uchafu wa tendo hilo umemwingia mtoto. Basi anayetazamwa ni mama. Kila anayemwona mtoto anahesabu miezi. Mama anaacha kwenda kliniki ili mtoto asionekane, anamfunika kanga njia nzima, na mtoto anazidi kudhoofu.

Mimi sibishani na neno hilo pale mlangoni. Nikisema "hayo ni imani potofu" nimempoteza, na kesho yuko kwa mganga. Namwambia, "Sawa mama, tumtazame huyu mtoto." Napima uzito na urefu. Nazungusha utepe kwenye mkono. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 mwenye mzunguko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anaanza matibabu leo. Natafuta kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, minyoo, malaria za kurudiarudia. Nauliza alivyozaliwa, alilia mara moja au alichelewa, alipata manjano, alipata degedege. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuchelewa shingo na viungo, na hapo hakuna aliyetenda dhambi.

Nikishamaliza kwa mtoto nageuka kwa mama: "Na wewe unakula? Unalala? Nani anakusaidia?" Mara nyingi ndipo machozi yanatoka. Mama mwenye sonona hana nguvu ya kumbembeleza mtoto akubali kijiko cha tano. Anampa vitatu, mtoto anakataa, anaacha. Mtoto mdhaifu naye halii kwa nguvu, hadai, kwa hiyo anasahaulika zaidi. Wanashushana wote wawili. Juu ya hapo unaongeza jina la kubemenda, na mama anaamini kweli kwamba yeye ndiye aliyemuumiza mwanawe.

Kama mzee wa nyumba yupo, namwita naye. Namwambia kwamba wahenga walikuwa na hoja: mimba mpya ikiingia mapema, ziwa linakatishwa na mtoto wa mwanzo anaanguka. Hilo ni kweli kabisa na dawa yake ni uzazi wa mpango, aibu haijawahi kumnenepesha mtoto. Bibi wengi wananielewa wakipewa heshima hiyo. Wachache wananitazama tu na kutikisa kichwa. Nao nawaagiza waje wiki ijayo, na wakimwona mtoto kaongezeka gramu mia mbili wanakuwa wahubiri wangu.

Mama mkwe anasema nina majini. Niende kwa sheikh, kwa mganga, au hospitali?

Dua haigombani na hospitali. Nimeona sheikh akisoma na baadaye akasema mwenyewe, "Sasa mpelekeni." Nimeona wachungaji vilevile. Ninachokataa ni vitu vitatu: kumfungia au kumpiga mgonjwa "litoke," kumnywesha mama anayenyonyesha au mtoto mchanga dawa isiyojulikana, na kuchelewa. Kama dalili ni zile za kichaa cha uzazi, hospitali kwanza, dua njiani.

Nasikia nitaulizwa maswali kumi. Ni mtihani?

Siyo. Ni karatasi iliyotengenezwa Edinburgh, Scotland, na kuchapishwa mwaka 1987, yenye maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umeogopa bila sababu, na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Alama nyingi hazimaanishi unaumwa. Zinamaanisha tukae tuongee. Swali la kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Jibu ukweli. Kulitaja hakulileti, na sisi hatushtuki. Tunapanga nawe jinsi ya kukulinda usiku huo, na nani abaki na wewe.

Si kila kituo kina karatasi hiyo. Muuguzi asiye nayo anaweza kukuuliza mawili tu: je, wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa, na je, umepoteza hamu ya vitu ulivyokuwa ukivipenda? Yanatosha kuanzia.

Mhudumu wa kijiji hana digrii, alisoma na mimi shule ya msingi. Atanisaidia nini?

Pengine zaidi yangu. Pakistan vijijini, wahudumu wa kike wa jamii walifundishwa kuongea na akina mama wenye sonona kwa ratiba, nyumbani, kuanzia mimba ikiwa kubwa mpaka mtoto akikua. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto akifika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na katika kundi lililotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa asilimia 53. Mpango huo ndio ulioingia kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

Karibu zaidi na sisi, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, wakiwasikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona tatizo wanaliita kwa neno lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo." Huwa najiuliza ingekuwaje kama kungwi zetu, ambao tayari wamekabidhiwa mabinti na siri zao, wangepewa mafunzo ya namna ile. Mtu anayejua kuimba fundisho usiku kucha hashindwi kumsikiliza mzazi nusu saa.

Msimu wa korosho namwacha mtoto kwa bibi yake. Namharibu?

Hapana, mradi bibi awe anamjibu. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alizunguka vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, akitazama familia 26 zenye watoto wachanga. Sehemu kubwa ya elimu ya dunia nzima kuhusu mtoto kumshika mlezi moyoni ilianza kwa wale watoto wa migombani. Aliona mtoto anaweza kuwapenda kwa nguvu baba, bibi na ndugu pamoja na mama. Akaona jambo jingine ninalolitumia kila siku: mama aliyeweza kusimulia habari za mtoto wake kwa undani, huyo mtoto wake alikuwa na utulivu. Kwa hiyo mimi nauliza, "Nisimulie, huyu akikasirika anafanyaje?" Bibi akianza kucheka na kusimulia, sina wasiwasi.

Ila fanyeni hivi. Bibi aje kukaa siku chache kabla mama hajaondoka. Usitoroke mtoto akiwa amelala, muage hata kama atalia. Mwachie kanga yako uliyoivaa, usiifue. Na jioni ukirudi umechoka, mikono inanuka mabibo, mpe dakika kumi za kwanza kabla ya jiko. Wakati wa kupulizia salfa mtoto asiwepo shambani kabisa.

Na bibi wa miaka sabini mwenye wajukuu wanne naye ni mzazi. Muulizeni analalaje.

Baba ana nafasi gani? Kliniki yenyewe imejaa wanawake.

Kliniki inaitwa ya baba pia. Akina baba nao hupata sonona mtoto akizaliwa, ila yao huvaa nguo nyingine: hasira, kutokuwepo nyumbani, uraka, ile pombe ya mabibo, kuanzia asubuhi. Sheria inampa baba aliyeajiriwa likizo ya angalau siku 3 na mama angalau siku 84. Mkulima na mvuvi hawana hata hiyo. Baba akiniuliza afanye nini, namwambia amwogeshe mtoto kila jioni. Kitu kimoja, kila siku, chake. Na mjomba, ambaye kwetu neno lake ni zito, amwambie hivyohivyo.

Nitapewa dawa? Nanyonyesha.

Wengi hawahitaji dawa. Wanahitaji kusikilizwa mara kwa mara, usingizi na msaada wa kazi. Sonona ikiwa kali daktari anaweza kuandika dawa, na zipo kama sertraline ambazo huingia kidogo sana kwenye maziwa, hivyo kunyonyesha kunaendelea. Usiache ghafla kwa sababu jirani kasema. Mwenye kifafa, au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anayetumia dawa ya sodium valproate amwone daktari kabla ya kubeba mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiikate mwenyewe.

Kijiji ni kidogo. Siri zangu zitatoka?

Hofu hii ni ya haki. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, nilisikia habari za mama niliyemhudumia zikizungumzwa bombani kabla jua halijazama. Sikusema mimi, lakini pazia ndilo lililokuwa mlango wetu. Siku hizi naongea na mama nje chini ya mwembe, tukiwa mbali na benchi. Una haki ya kuomba mahali pengine pa kuongea, kuuliza nini kitaandikwa, na kukataa mwanafunzi asikae ndani. Kitu pekee tusichoweza kunyamaza nacho ni hatari kwa uhai wako au wa mtoto, na hata hapo tunakuambia wewe kwanza.

Afisa ustawi akija atamchukua mtoto?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na kumtenganisha nao ni uamuzi wa mahakama kwa ajili ya usalama wake. Kuwa na sonona si kosa. Kazi kubwa ya afisa ustawi ni kuhakikisha mtoto anabaki nyumbani salama.

Mwanangu ana miaka 2, hasemi, hanitazami. Ni kwa sababu nilikuwa na mawazo wakati wa mimba?

Usijihukumu kabla hatujamwona. Kwanza masikio: mtoto asiyesikia hasemi. Kisha tunatazama kama anaitikia jina lake, kama ananyooshea kidole kitu ili nawe ukione, kama anaiga, kama alikuwa na maneno yakapotea. Kupoteza maneno ni jambo la kuja mapema. Usonji hausababishwi na malezi ya mama. Anayekuambia "subiri, baba yake naye alichelewa" anaweza kuwa sahihi, lakini hana kipimo. Njoo. Katuni za simu mchana kutwa nazo zinaiba mazungumzo, kwa hiyo zizime wakati tunachunguza.

Binti yangu wa miaka 16 kazaa. Anamkwepa mtoto, mimi ndiye nalea.

Alichezwa unyago, akaambiwa amekua, naye akaamini. Sasa ana mtoto na bado anataka kucheza rede. Usimnyang'anye mtoto na usimtupie mtoto. Mlee wote wawili: wewe umshike binti, yeye amshike mtoto, hata kwa nusu saa. Mwulize, ukiwa peke yako naye, mimba ilikujaje; jibu linaweza kuhitaji dawati la polisi na afisa ustawi. Na tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shuleni. Nimeona wasichana wakianza kumpenda mtoto siku waliporudishiwa daftari.

Mtoto wangu alifia tumboni. Wananiambia nisahau, nitazaa mwingine.

Pole sana, mama. Hukosei kulia. Una haki ya kumwita jina lake, kujua alizikwa wapi, na kuja kliniki bila mtoto ukapokelewa kama mzazi. Omba usikae benchi moja na wenye vichanga. Tukisahau, tukumbushe.

Ni bei gani?

Kwa sera, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 hawalipii huduma katika vituo vya serikali. Kuongea ni bure. Nauli ndiyo gharama, hasa Liwale na Nanyumbu, na ndiyo maana nasisitiza kuanza na aliye jirani.

Nataka kufanya kazi hii. Nisome nini?

Njia ni nyingi: uuguzi na ukunga, uuguzi wa afya ya akili, ustawi wa jamii, saikolojia, elimu ya awali. Hakuna iliyo ya juu. Ukishaajiriwa omba mafunzo ya malezi yenye mwitikio. Lakini kabla ya cheti jipime: unaweza kukaa na mtoto anayelia na mama anayelia, bila kumnyamazisha yeyote, kwa dakika tano?

Na ninyi, nani anawasikiliza?

Hili si la mara kwa mara. Nimeulizwa mara moja tu, na bibi wa Kitangari aliyemleta mjukuu kwenye chanjo. Kule Michigan, alikoanzia Fraiberg, ni kanuni ya kazi: mhudumu ana mtu anayekaa naye kwa ratiba kutua aliyoyabeba. Sisi tuna Ijumaa jioni, muhogo wa kuchemsha, na mwenzangu wa chumba cha chanjo. Nilimwambia hivyo yule bibi. Akaachia kitasa, akarudi akakaa, akasema, "Basi niambie, mwanangu, wiki hii imekuwaje?" Nje foleni ilikuwa bado ndefu.